Waliorudi Kuuliza: Mazoea ya Watafiti na Matabibu wa Saikolojia, kutoka Zomba hadi Nakivale

Mama mmoja jirani yetu hapa Dzaleka huniuliza swali lilelile kila tukikutana kwenye foleni ya maji: "Mwanangu, yule binti wa maswali atarudi lini?" Binti wa maswali alikuwa mtafiti. Alikuja na dodoso la kurasa 11, nami nikawa mkalimani wake kwa siku nne. Alimwuliza mama kuhusu usingizi, ndoto mbaya, hamu ya kula, na mambo ambayo mama hajawahi kuwaambia hata wanawe. Akaandika yote, akashukuru kwa heshima, akapanda gari. Miaka mitatu imepita. Mama hamlaumu. Anataka tu kujua maneno yake yalifika wapi.

Mwaka huu, katika somo la historia ya saikolojia, tulitakiwa kuandika kuhusu mazoea ya watafiti na matabibu wenye tija. Nilianza kama wenzangu wengi, kwa kutafuta nani aliamka saa ngapi. Nikampata B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye aliandika kila alfajiri kabla watu wa nyumbani hawajaamka. Taa ya mezani pake iliunganishwa na saa: akiiwasha saa inahesabu, akiizima saa inasimama, na jumla ya saa zake za kazi aliichora kwenye grafu kama alivyochora tabia za njiwa wake wa maabara. Ni mfano mzuri. Nilimjaribu Skinner kwa wiki mbili. Saa kumi na moja alfajiri hapa kambini ndiyo saa ya kuwahi ndoo kwenye bomba, na taa ninayosomea ni ya simu, ambayo chaji ikiisha inazimika pamoja na kitabu, kwa kuwa kitabu nacho kimo ndani ya simu hiyohiyo.

Ushauri wa namna hiyo humdhania msomaji mwenye meza na mlango unaofungwa, tena huipima kazi kwa kurasa. Swali la mama linaipima kwa namna nyingine. Katika insha hii nitadai kwamba katika ukanda wetu, tangu Nyasaland ya kikoloni hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale nchini Uganda, kazi za saikolojia zilizowafaa watu zilitokana na mazoea ambayo hayana fahari yoyote: kuuliza kwa maneno ya anayeulizwa, kuandika alivyosema mwenyewe, na kumrudia baada ya miezi. Waliokosa mazoea hayo nao waliandika sana, wakasomwa sana. Ndiyo maana historia yao inatuhusu.

Nianze na Zomba, kwa sababu ni Malawi na kwa sababu inafanana na kwetu kwa jambo moja. Dzaleka ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa utawala wa Rais Kamuzu Banda kabla ya kufunguliwa kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Wenyeji husema hata jina lake ni la wafungwa: "ndidzaleka", yaani nitaacha, sitarudia tena. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Zomba nayo ilianzia kwenye gereza. Ilifunguliwa mwaka 1910 ikiwa sehemu ya mambo ya magereza, na aliyepelekwa huko mara nyingi alikuwa mtu aliyewasumbua wengine: aliyechoma nyumba, aliyepiga watu, aliyezurura mjini akipiga kelele mbele ya ofisi za serikali. Aliyelala ndani akitazama ukuta, asiyekula, asiyemsumbua yeyote, hakuna askari aliyemfuata.

Mwaka 1936 H. M. Shelley na W. H. Watson walichapisha katika jarida la Uingereza uchunguzi wao juu ya maradhi ya akili kwa wenyeji wa Nyasaland, wakitumia wagonjwa wa Zomba. Swali lililowashughulisha ndilo lililowashughulisha wakoloni wengi wa siku zile: je, elimu na ustaarabu wa Kizungu vinawatia Waafrika wazimu? Karibu nusu karne baadaye, mwaka 1983, mwanahistoria Megan Vaughan alirudi kwenye hospitali hiyohiyo kupitia kumbukumbu zake, akaonyesha kwamba taasisi kama ile iliwafungia watu wachache mno. Watu wachache, waliochaguliwa na polisi na magereza, walikuwa wamegeuzwa kuwa kielelezo cha akili ya taifa zima. Nilipomsoma Vaughan niliona pia kwamba mwanahistoria huyo aliweza kufanya kazi yake kwa sababu tu baadhi ya waliowahoji wagonjwa waliandika walichosikia. Karani aliyenukuu maneno ya mgonjwa ambayo yeye mwenyewe hakuyaelewa alimfaa msomaji ambaye hajazaliwa bado.

Mfano mkubwa wa tija isiyo na kurudi ni J. C. Carothers wa Kenya. Alifika huko mwaka 1929 kama daktari wa kawaida wa serikali, na mwaka 1938 akakabidhiwa Hospitali ya Mathari, Nairobi, bila kuwa amesomea magonjwa ya akili. Mafunzo hayo aliyapata baadaye. Huwezi kumwita mvivu. Mwaka 1947 alichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa Mathari, mwaka 1951 akaandika makala akilinganisha fikra za Mwafrika na za Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamtolea kitabu juu ya akili ya Mwafrika, na mwaka 1954 serikali ya kikoloni ikachapisha taarifa yake juu ya saikolojia ya Mau Mau. Leo mhadhiri mwenye orodha kama hiyo angepandishwa cheo mara mbili.

Mojawapo ya madai yake yaliyodumu ni kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika. Alifikaje hapo? Aliwahesabu waliolazwa. Na waliolazwa Mathari, kama Zomba, ni waliovuruga amani. Mwenye huzuni alibaki kijijini. Kosa hili ni dogo sana kimahesabu, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua kwa jina la upendeleo wa sampuli, lakini lilisafiri kwa miaka mingi kwenye vitabu likiwa limevaa nembo ya Shirika la Afya Duniani. Kila kitabu kilikinukuu kile kilichotangulia, na hakuna aliyeona haja ya kurudi kijijini.

Aliyekwenda alikuwa mwanamke. Margaret Field alikuwa mwalimu wa kemia nchini Ghana, akawa mwanaanthropolojia, kisha akasomea udaktari na magonjwa ya akili akiwa mtu mzima. Katika miaka ya 1950 alikaa kwenye vijiji vya Ashanti, kwenye mahekalu ya waganga ambako watu walikwenda kuomba msaada, akasikiliza wanachomwambia mganga. Akakuta wanawake wengi waliojilaumu, waliojiita wachawi, waliokata tamaa ya kuishi. Kwa jicho la daktari hiyo ilikuwa sonona waziwazi, ila iliongea lugha ya uchawi na ikapeleka shauri lake kwa mganga, si hospitali. Kitabu chake kilitoka mwaka 1960. Field hakuwa na kifaa chochote ambacho Carothers hakuwa nacho. Tofauti yao ilikuwa mahali alipoweka kiti chake.

Kutoka hapo naruka hadi Uganda mwishoni mwa karne, kwa kuwa ndipo zoea la Field lilipogeuzwa kuwa utaratibu ambao mwingine anaweza kuufuata. Katika wilaya za Masaka na Rakai, zilizoumizwa sana na UKIMWI, Paul Bolton na wenzake hawakuanza na dodoso. Walianza na ombi: tutajie matatizo yanayowapata watu hapa tangu ugonjwa huu uingie. Watu wakataja kwa Kiganda, na katika orodha hizo yakajitokeza maradhi mawili yenye majina yake, "yo'kwekyawa", ambayo ni kujichukia, na "okwekubazida", kujisikitikia. Dalili zake zilikaribiana na sonona ya vitabuni lakini hazikulingana nayo moja kwa moja. Baada ya hapo ndipo walipotengeneza dodoso, kisha tiba ya vikundi iliyoongozwa na wenyeji wasio madaktari, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, mara moja kwa wiki kwa wiki 16, ikijaribiwa katika vijiji 30.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Mwishoni, waliobaki na sonona kwenye vijiji vilivyopata tiba walikuwa asilimia 6.5, na kwenye vijiji vya kulinganisha asilimia 54.7. Takwimu hizo ndizo zinazonukuliwa. Mimi nanukuu zaidi makala ya pili, ya mwaka 2006: watafiti walirudi baada ya miezi sita kuangalia kama nafuu ilibaki, wakakuta imebaki, na vikundi vilikuwa vimeendelea kukutana bila wao. Kama wasingerudi wasingejua jambo hilo, nasi tusingelijua.

Sasa Nakivale, ambako nitakaa zaidi kwa sababu ni watu kama sisi.

Nakivale iko kusini magharibi mwa Uganda, na ni mojawapo ya makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwepo Wanyarwanda na Wasomali, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, wakishirikiana na Waganda, walianzisha huko mradi wa afya ya akili. Patience Onyut, mtafiti wa Uganda, na wenzake waliueleza mwaka 2004. Swali lao lilikuwa la watu wenye haraka: katika makazi yenye maelfu ya watu wenye kiwewe na hakuna daktari wa akili hata mmoja, nani atawatibu? Jibu lao lilikuwa kwamba watatibiana. Walichagua wakimbizi wanaojua kusoma na kuandika, wenye utulivu na wanaoaminiwa na wenzao, wakawafundisha kwa majuma machache tiba ya kusimulia.

Tiba hiyo ina historia yake. Mwaka 1983, chini ya udikteta wa Chile, wanasaikolojia wawili waliotumia majina ya bandia kwa kuogopa serikali walieleza jinsi walivyowasaidia walioteswa kwa kuwarekodi wakitoa ushuhuda, kuuandika, na kuusoma nao tena mpaka mwenyewe akubali kwamba ndivyo ilivyokuwa. Frank Neuner, Maggie Schauer na Thomas Elbert waliichukua mbinu hiyo wakaiunganisha na elimu ya kumbukumbu za hofu. Mtu hutandaza kamba sakafuni kuwa mstari wa maisha yake, tangu kuzaliwa. Penye furaha anaweka ua, penye maumivu anaweka jiwe. Kisha katika vikao vinavyofuata anasimulia jiwe moja baada ya jingine, polepole, alivyoona, alivyosikia, alivyohisi mwilini, na mshauri anaandika. Kikao kinachofuata huanza kwa kusomewa kilichoandikwa, naye anasahihisha. Mwisho hukabidhiwa kitabu cha maisha yake.

Angalia ni mazoea gani yamejificha humo. Mshauri lazima aandike karibu na kikao, maana kesho kutwa atakuwa amesahau mpangilio. Lazima arudi, maana kikao kijacho kinaanza na alichoandika jana. Lazima akubali kusahihishwa na mgonjwa. Huwezi kufanya tiba hii kivivu. Muundo wake unakukatalia. Nadhani hiyo ndiyo siri ambayo vitabu vya tija havisemi: nidhamu ya mtu mmoja ni kitu dhaifu, ila ukiiingiza ndani ya utaratibu wa kazi, hata mtu wa kawaida ataitimiza.

Jaribio la Nakivale lilichapishwa mwaka 2008 likiwa na washiriki 277. Baada ya miezi tisa, asilimia 70 ya waliopata tiba ya kusimulia hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa wa kiwewe. Kwa waliopata ushauri wa kawaida kutoka kwa wakimbizi walewale waliofunzwa ilikuwa asilimia 65, na kwa waliofuatiliwa tu bila tiba, 37. Wenzangu wengi wanapoinukuu kazi hii husema tiba ya kusimulia ilishinda. Haikushinda hivyo. Kati ya 70 na 65 hakuna tofauti ya kujivunia. Tofauti iliyo wazi ni kwamba walioacha njiani katika ushauri wa kawaida walikuwa asilimia 21, na katika kusimulia 4 tu. Watu walirudi. Sina hakika kama ni kwa sababu ya mawe na maua au kwa sababu kila mmoja alijua kuna daftari lenye maisha yake linalomsubiri limalizike, lakini mimi ningerudi kwa ajili ya daftari.

Kwa sisi tuliotoka Kivu kuna kazi nyingine iliyo karibu zaidi na nyumbani. Mwaka 2013 Judith Bass na wenzake walichapisha jaribio la tiba ya vikundi kwa wanawake wa Kongo ya mashariki walionusurika ukatili wa kingono. Wahudumu walikuwa wanawake wa hukohuko. Tiba yenyewe ilitoka Marekani ikiwa imejaa karatasi za kujaza nyumbani, na washiriki wengi hawakujua kusoma. Basi karatasi zikaachwa, hoja zikafupishwa ziweze kukaa kichwani. Miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 9, na katika vijiji vilivyopata msaada wa mtu mmoja mmoja asilimia 42. Vita vilikuwa vinaendelea wakati wote huo. Ninaposikia mtu akisema kambini hapana mazingira ya utafiti, huwa nafikiria mhudumu aliyekuwa akiuliza kwanza kama njia ni salama ndipo aende kwenye kikao.

Benchi la Urafiki la Zimbabwe linajulikana, kwa hiyo nitalipitia haraka. Dixon Chibanda alilianzisha mwaka 2006 huko Mbare, Harare, akiwa na bibi 14. Kabla ya hapo mgonjwa wake kijana alikuwa amejiua. Mama yake alieleza kwamba walikosa nauli ya basi ya kumfikisha hospitalini. Bibi wanazungumza na watu juu ya "kufungisisa", kufikiri kupita kiasi, neno ambalo jirani zetu Wamalawi nao wanalo kwa namna yao, na ambalo kwa Kiswahili cha kwetu ni "mawazo mingi". Ushahidi mkubwa ulitoka mwaka 2016, miaka kumi baada ya bibi wa kwanza kukaa kwenye benchi. Miaka kumi! Benchi hilo sasa limefanyiwa kazi hata Lilongwe. Ni habari ya nauli ndiyo iliyonishika, kwa kuwa anayehitaji daktari bingwa wa akili kutoka Dzaleka naye anaangalia barabara ya Lilongwe, zaidi ya kilomita 40, na anahitaji nauli na kibali cha kutoka kambini.

Kwa wanaotaka mfano wa tija ya kawaida, ile ya makala nyingi, yupo Profesa David Ndetei wa Nairobi, mwenye mamia ya machapisho. Ukiyaangalia majina ya waandishi wenzake utaona kazi ilivyogawanywa: wanafunzi, wauguzi, wahudumu wa afya ya jamii. Huko Makueni timu yake iliwakalisha pamoja wahudumu wa kliniki, waganga wa jadi na viongozi wa dini wajadili wagonjwa wao. Carothers aliandika peke yake. Sisemi kwamba wingi wa waandishi ni dawa ya makosa, maana tumeona makala za watu 20 zisizo na maana, lakini mganga wa Makueni aliyekaa mezani anaweza kukwambia pale ulipokosea kabla hujachapisha.

Nirudi Dzaleka. Kambi hii ilipangiwa watu kama 10,000 hadi 12,000 na sasa ina zaidi ya 50,000, kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Ethiopia, Somalia. Wengi tunaelewana kwa Kiswahili, lakini Kiswahili hicho si kimoja. Madodoso yanayotumika katika Afrika Mashariki mengi yalitafsiriwa Tanzania. Kwa mfano orodha ya dalili ya Hopkins ilipimwa kwa Kiswahili na Sylvia Kaaya na wenzake kwa wajawazito wenye VVU Dar es Salaam, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2002. Kazi nzuri. Ila mzee wa Uvira aliyekuwa akiulizwa kama anajisikia hana thamani alinitazama kwa mshangao akasema, "Thamani ya nini, kijana? Mimi siuzwi." Binti wa maswali akauliza mzee amejibuje. Nilisema, "Amesema hapana." Kwa hiyo mahali fulani, kwenye jedwali fulani, mzee huyo amehesabiwa kuwa mtu anayejithamini. Kosa lile lilikuwa langu, na silisahau. Mkalimani naye ni mtafiti, ila hakuna anayemwuliza mazoea yake.

Kuna ugumu mwingine ambao sikuukuta Masaka wala Harare. Hapa simulizi ya maisha ni mali. Mtu huisimulia kwenye ofisi ya kuomba hifadhi, huirudia kwenye mahojiano ya kuhamishiwa nchi ya tatu, na huambiwa, au husikia kwa majirani, kwamba tarehe isiyolingana inaweza kumfungia njia. Anajifunza kuisimulia kwa namna moja isiyobadilika. Sasa anakuja mtu mwingine mwenye karatasi na kalamu anayeuliza mambo yaleyale. Kwa nini mhojiwa asidhani hiyo ni ofisi nyingine? Atatoa simulizi ile iliyonyooshwa, au ataongeza maumivu, au atayaficha yanayotia aibu. Na kumbukumbu ya kiwewe, kama wale wa Konstanz walivyoeleza, kwa asili yake imekatika vipande na haina mpangilio. Mtu tunayemtaka awe na tarehe zilizonyooka ndiye huyohuyo ambaye ugonjwa wake ni kukosa tarehe.

Kwa hiyo zoea la kwanza nililojiwekea kama mkalimani ni kusema kabla ya swali lolote: "Mama, haya si ya safari. Hayataongeza wala kupunguza kitu kwenye faili yako." Mara nyingine mtu hunyanyuka akaondoka. Anayebaki huongea tofauti. Zoea la pili ni daftari la maneno. Kila siku niliyofasiri, kabla ya kulala, naandika maneno ambayo watu waliyatumia badala ya yale ya dodoso, bila majina wala habari zao: roho kuuma, kichwa kutembea, kulala macho wazi, mwili kuwa wa mtu mwingine. Sasa daftari lina kurasa zaidi ya 60. Skinner angecheka grafu yangu, maana kuna majuma yana maneno mawili tu.

Nilipopata kibali cha kwenda Lilongwe mwezi uliopita nilipiga nakala za kurasa nilizohitaji kwa insha hii, na jioni niliporudi nilimpitia yule mama. Nilimwambia ukweli kwamba sijui binti yuko wapi, na kwamba mimi ndiye ningeweza kuandika anuani yake siku ile na sikuandika. Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza yale makaratasi niliyobeba ni ya nini, nikamsomea habari ya kamba na mawe. Akataka kujua kama mtu anaruhusiwa kuweka ua na jiwe mahali pamoja, kwa sababu mwanawe wa mwisho alizaliwa njiani.

Tuko wanafunzi wanne sasa, wa Lisungwi na Kawale, tunaokutana kila Jumamosi kuyapitia maswali ya lile dodoso la Hopkins kwa Kiswahili cha hapa kambini. Orodha ya Kiingereza ina swali la mtu kujisikia "rangi ya buluu", ambalo kwao ni huzuni, na lilituchekesha nusu saa. Mzee wa Uvira ndiye mshauri wetu. Tumemaliza maswali tisa. La kumi linauliza kama mtu anajisikia ana hatia, na mzee amelikataa. Anasema hatia ni neno la mahakamani, na kwamba anayelisikia atafikiri tumekuja kumshtaki. Jumamosi ijayo tutaanzia hapo, na mama amesema atakuwepo.